Mawe ya bluu kwenye glasi: kisa cha mzee wa fonderi

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, wakati ambao baridi ya Lubumbashi inawalaza watu na soksi hata kwenye nyumba za matofali. Alikuwa kitinda mimba wa Mzee. "Docta, muzee amekauka kama ubao. Hamezi hata mate yake."

Mimi ni daktari wa kawaida. Mabingwa wa mishipa ya fahamu mjini kwetu ni wa kuhesabu kwa vidole, kwa hiyo wagonjwa wengi wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili, wanabaki mikononi mwa watu kama mimi, wenye chumba kimoja cha kupimia na foleni ya malaria mlangoni. Mzee huyu nilikuwa namfuatilia kwa mwaka wa nne. Familia imeniruhusu kuandika. Jina nimeliacha, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha nimeyabadilisha.

Nilimkuta amelazwa kwenye kochi la sebuleni. Mabega yamepanda hadi karibu na masikio, kidole gumba cha kulia kinasugua kidole cha shahada kama mtu anayehesabu noti polepole. Macho yalinifuata tangu mlangoni, lakini uso haukusema kitu. Ukutani juu yake paliangikwa msalaba wa shaba, aina ile ambayo mababu wa Katanga, eneo letu la shaba, waliyeyusha na kutumia kama fedha, na ambayo mwaka 1960 ilichorwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga. Mezani palikuwa na glasi. Kwenye kitako chake kulikuwa na duara lililokauka, la bluu. Bluu nzuri kupita kiasi, kama ya kitenge kipya.

Nikainua glasi. Kijana akaangalia chini.

"Ni mukuba, docta. Ya kichwa." Mukuba kwetu ni shaba.

Mzee ana miaka 68. Thelathini na kidogo kati ya hiyo aliimaliza kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, sisi tunasema fonderi. Aliingia akisukuma toroli, akatoka mkuu wa zamu. Kazi ya mkuu wa zamu ni pamoja na kuandika daftari: saa, joto la tanuru, tani zilizotoka. Mwandiko wake ulikuwa unasifiwa, na ndio uliomsaliti. Mama, mke wake, ni mweka hazina wa likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ya mtaa wao huko Katuba, na anatunza madaftari kama watu wengine wanavyotunza picha za harusi. Siku ya kwanza waliponijia, aliyatandaza juu ya meza yangu yote saba. Katika daftari la kwanza jina la Mzee linajaza mstari. La tano, linaanza kubwa na kuishia kama mchwa wanaoingia shimoni. La saba, nilihitaji miwani.

Wao walikuja kwa sababu ya kutetemeka. Mimi nilianza na madaftari, kisha nikauliza ya nyuma zaidi. Pua? Ndiyo, miaka mingi haisikii harufu, hata makayabu, samaki wa chumvi, yakiungua jikoni. Walisema ni moshi wa fonderi. Choo? Kigumu, tangu zamani. Usiku? Mama akacheka kwa aibu: alikuwa anapigana ndotoni, siku moja alimpasua mdomo, wakamwita mchungaji aombee nyumba. Hayo yote ni Parkinson ikibisha hodi miaka kabla ya mkono kuanza kutetemeka. Mkono wenyewe ulianza upande mmoja tu, wa kulia, na unatetemeka ukiwa umepumzika.

Kwa mtu aliyefanya kazi na metali lazima ufikirie manganizi pia. Tangu 1837 daktari John Couper wa Glasgow alieleza wafanyakazi waliosaga manganizi wakapooza na kuinama. Lakini ugonjwa wa manganizi kwa kawaida hushika pande zote mbili sawasawa, hautetemeshi sana mkono uliopumzika, na levodopa, dawa kuu ya Parkinson, haiufanyii kitu cha maana. Mzee nilimpa levodopa pamoja na msaidizi wake, benserazidi, mara tatu kwa siku, na ndani ya wiki tatu akawa ananyoa ndevu mwenyewe. Ilikuwa Parkinson.

Sasa turudi kwenye glasi.

Kitinda mimba ana kibanda cha kuchaji simu karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Ni kijana wa kusoma. Nilimwomba anionyeshe alichokisoma, nikitegemea kukuta tangazo la tapeli mwenye chupa ya maajabu. Sikulikuta. Alichosoma kilikuwa utafiti wa kweli wa Chuo Kikuu cha Sydney, simu ikimtafsiria kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa. Hilo ndilo linalofanya kisa hiki kinisumbue hadi leo. Hakudanganywa na mtu. Alisoma jambo sahihi, akalielewa kwa robo tatu, na robo iliyobaki ndiyo iliyokuwa na sumu.

Jambo lenyewe ni hili. Parkinson inaua seli za eneo dogo la katikati ya ubongo liitwalo sehemu nyeusi, kwa sababu kweli ni jeusi ukilikata. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali inayolainisha mwendo. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa Sydney, wakiwa na Kay Double, walionyesha kwamba katika ubongo wa watu waliokufa na Parkinson, shaba imepungua ndani ya seli za eneo hilo ambazo bado zimesimama. Na si shaba peke yake. Hata Ctr1, ile protini inayofanya kazi ya mlango wa kuingizia shaba kwenye seli, ilikuwa imepungua.

Shaba ina kazi gani mle? Mojawapo ni ya kimeng'enya kiitwacho SOD1, ambacho Joe McCord na Irwin Fridovich wa Marekani walikieleza mwaka 1969. Ni zimamoto wa seli: kinazima aina ya oksijeni kali inayounguza. Kila kipande chake kinahitaji punje moja ya shaba ili kifanye kazi na moja ya zinki ili kisimame imara. Kikikosa shaba hakizimi moto, na kibaya zaidi kinajikunja vibaya na kuganda mabonge. Mwaka 2017 watafiti haohao walieleza kwamba mabonge ya SOD1 yapo kwenye ubongo wa wagonjwa wa Parkinson, palepale seli zinapokufa. Mwaka 2025 wakatoa sehemu iliyomfikia kijana wetu: panya wa maabara waliotengenezwa kijeni wawe na kasoro hiyo ya SOD1 walipewa kampaundi yenye shaba kwa muda wa miezi mitatu, seli zao za dopamini zikahifadhika, na mwendo wao ukawa bora kuliko wa wenzao ambao hawakupewa.

Kijana akajumlisha mawili na mawili. Ubongo wa baba una njaa ya shaba. Sisi tunakaa juu ya shaba. Ukitoka nje unaona mlima mweusi wa takataka za tanuru na bomba refu la moshi. Akaenda kwa muuza kemikali, akaomba mukuba inayoyeyuka kwenye maji. Akapewa punje za bluu kwenye karatasi, salfeti ya shaba, ile wafugaji wanayooshea kwato. "Ni mukuba kweli?" aliuliza. Muuzaji akamwambia ni mukuba kweli. Na hakusema uongo.

Karatasi ilikuwa bado na punje. Nilimwambia anipimie kiasi alichotia kwenye glasi, nikapeleka duka la dawa la jirani penye mizani ndogo. Karibu gramu 2. Robo ya uzito wa salfeti ya shaba yenye maji ndani yake ni shaba tupu, kwa hiyo glasi ile ilibeba kama miligramu 500 za shaba. Mwili mzima wa mtu mzima, kuanzia ini hadi kucha, una kama miligramu 100. Chakula cha siku kinatakiwa kutupa chini kidogo ya miligramu 1, na wataalamu wa lishe wa Marekani wameweka mpaka wa juu kuwa miligramu 10 kwa siku. Nilimwandikia tarakimu hizo kwenye gamba la ile karatasi ya punje, moja chini ya nyingine. Alizitazama muda mrefu. Glasi moja, shaba ya watu watano.

Bahati ni kwamba salfeti ya shaba inajikataa yenyewe. Zamani madaktari waliitumia kutapisha. Mzee alimeza mafunda mawili, la tatu likarudi, na yale mawili yakafuata. Angeyashikilia tumboni, tungekuwa tunazungumza habari ya kidonda cha tumbo, chembe za damu zinazopasuka ndani ya mishipa, mkojo wa rangi ya kahawa na figo zinazofunga.

Lakini hata dozi ingekuwa ndogo na salama, isingefika ilikotumwa. Shaba ikimezwa inapita utumboni na kuingia ini kwanza. Ini ndilo forodha. Linachukua inayohitajika, linaifunga kwenye protini iitwayo seruloplazimini, linaiachia kwenye damu, na ya ziada linaimwaga na nyongo itoke chooni. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta mwingine wenye walinzi wake, na kila seli ina mlango wake. Kwa Parkinson tatizo linaonekana kuwa huko mwisho kabisa, kwenye mlango wa seli zile chache. Kumimina shaba tumboni ni kama kupeleka lori la unga bohari kuu wakati nyumba yenye njaa imefungwa kwa kufuli.

Magonjwa mawili ya kurithi yanaonyesha hivyo kuliko maelezo yangu yoyote. Mtoto mwenye ugonjwa wa Menkes, ulioelezwa mwaka 1962, anazaliwa na kasoro kwenye protini iitwayo ATP7A. Shaba anayokula inakwama kwenye ukuta wa utumbo, ubongo unakufa kwa kuikosa. Mtu mwenye ugonjwa wa Wilson, ulioelezwa mwaka 1912, ana kasoro kwenye ndugu yake, ATP7B. Shaba inaingia vizuri lakini ini halijui kuitoa, inajaa kwenye ini na ubongo, na mgonjwa anaanza kutetemeka na kukakamaa, mara nyingine kwa namna inayofanana na Parkinson, na duara la rangi ya kutu au kijani kuzunguka mboni ya jicho. Jeni zote mbili zilipatikana mwaka 1993. Hao wawili waweke kwenye sahani moja ya maharage. Mmoja atakufa njaa ya shaba, mwingine atazama ndani yake, na maharage ni yaleyale.

Kampaundi waliyopewa panya imetengenezwa kwa ajili ya ukuta huo hasa. Inaitwa CuATSM. Ni unga wa rangi nyekundu ya udongo. Haufanani hata kidogo na punje za bluu. Shaba ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, nayo imebanwa katikati ya molekuli ya kaboni, naitrojeni na salfa kama mtu aliyefunikwa blanketi. Blanketi hilo linapenda mafuta, ndiyo maana linapenya ukuta wa ubongo. Haikuanza kama dawa. Miaka ya 1990 Wajapani waliitengeneza kwa shaba yenye mionzi ili kupiga picha sehemu za mwili zilizokosa oksijeni, kwa sababu mle ndani ya seli zenye shida ndimo kampaundi inamofunguka na kuiachia shaba. Mwaka 2012 watafiti wa Melbourne na wenzao wakaonyesha kwamba inalinda seli za dopamini kwa panya wa aina kadhaa wa Parkinson. Baadaye Australia ikafanya majaribio ya awamu ya kwanza kwa wagonjwa wa Parkinson walio mwanzoni, na kwa wenye ALS, ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Awamu ya kwanza inauliza mwili unavumilia dozi gani. Swali la kama mgonjwa anapona linakuja nyuma yake, na hadi sasa CuATSM haijaidhinishwa kuwa tiba ya Parkinson.

Kijana alikuwa na swali lingine, na lilikuwa zuri kuliko la kwanza. "Docta, muzee amevuta vumbi la mukuba miaka thelathini. Inawezekanaje akose mukuba?"

Hapa utafiti wenyewe unajikwaa kidogo, na sioni sababu ya kuficha. Mwaka 1997 watafiti wa Detroit walilinganisha wagonjwa 144 wa Parkinson na watu 464 wasio nayo. Waliofanya kazi na shaba kwa zaidi ya miaka 20 walikuwa na uwezekano wa kama mara mbili na nusu wa kuwa wagonjwa. Shaba ikichanganyika na risasi au chuma, uwezekano ulipanda zaidi. Kwa hiyo mfanyakazi wa shaba anaugua zaidi, na mgonjwa akifa tunakuta seli zake zimekosa shaba. Yanaonekana kupingana. Mimi nayasoma pamoja: shaba isiyo na mlinzi, iliyo nje ya mahali pake, inawasha moto uleule ambao shaba iliyo ndani ya SOD1 inauzima. Alpha-sinukleini, protini inayoganda kwenye seli za wagonjwa wa Parkinson, inajulikana kwa kushikana na shaba, na ikishikana nayo huganda upesi zaidi. Seli moja inaweza kuwa na shaba mbaya ukumbini na kukosa shaba nzuri chumbani.

Na vumbi letu si la shaba peke yake. Mwaka 2009 Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walipima mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakakuta kobalti na metali nyingine kwa viwango vya juu sana. Mzee ni mtoto wa hewa hiyo. Siwezi kumwambia kwamba fonderi ndiyo iliyompa ugonjwa. Parkinson inawapata pia watu ambao hawajawahi kuona tanuru. Nilimwambia hivyo, akanijibu kwa sauti yake ya sasa, ndogo na kavu: "Niliipika miaka thelathini, sikuionja hata siku moja. Mpaka huyu mtoto." Kuna jina la zamani la mafundi wa Katanga, walaji wa shaba, kwa kuwa shaba iliwalisha. Yeye alikula kwa mshahara.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kisa kimekwisha: kijana alisoma nusunusu, mzee akanyweshwa sumu, mzee akakauka. Familia nzima ilidhani hivyo, kijana mwenyewe alikuwa amejikunja kwenye kiti kama aliyehukumiwa. Mimi pia nilidhani hivyo kwa robo saa.

Kilichonishtua ni hesabu ya siku. Glasi ilinywewa Jumanne jioni. Alitapika, tumbo likamuuma, mdomo ukawa na ladha ya sarafu. Lakini Jumanne usiku alitembea mwenyewe hadi choo cha uani na kurudi. Kukauka kulikuja Alhamisi alfajiri. Salfeti ya shaba haingoji siku moja na nusu ili imkakamaze mtu huku tumbo likitulia. Basi kati ya Jumanne na Alhamisi kuna kitu kingine kilichoingia. Nikamwomba Mama mkoba.

Kila mama wa Lubumbashi ana mkoba huo: kadi ya chanjo ya mjukuu, risiti, vipande vya karatasi za vituo vya afya. Jumatano asubuhi walimpeleka Mzee kwenye kituo kimoja cha mtaa. Walieleza kutapika, Parkinson hawakuitaja, kwa sababu hawakuona inahusu. Kwenye karatasi, kwa mwandiko wa haraka: metoklopramidi, sindano, mara mbili. Na chini yake: "Asinywe kitu, tumbo lipumzike."

Hapo ndipo palipo moyo wa kisa. Metoklopramidi ni dawa nzuri ya kutapika kwa mtu mwingine. Inazuia kutapika kwa kuziba vipokezi vya dopamini, na inapenya hadi ubongoni. Mtu wa Parkinson ana dopamini kidogo inayokaribia kwisha. Wewe unaziba na yale matundu machache yanayoipokea. Na "asinywe kitu" iliondoa levodopa yenyewe, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, dozi za siku nzima, kwa mtu ambaye dawa hiyo ndiyo mafuta ya gari lake. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta ukakamavu mkali, homa na kuchanganyikiwa, na watu wamekufa hivyo. Shaba ilimtapisha. Kilichomgandisha ni tiba ya kutapika.

Simlaumu muuguzi wa kituo. Aliona mzee anayetapika, akampa kinachopewa wanaotapika. Wa kulaumiwa yuko karibu zaidi: miaka minne nimemwandikia Mzee levodopa, nikamweleza saa za kunywa, na sikuwahi kuwaambia ni dawa zipi asipewe kamwe. Nilidhani watakuja kwangu kila wakati. Nani anakuja kwa daktari wake saa mbili asubuhi akiwa anatapika, wakati kituo kiko mtaa wa pili?

Tulimpeleka hospitali. Kwa kuwa hakuweza kumeza salama, levodopa ilipitishwa kwa mrija wa pua, kwa dozi yake ya kawaida. Kichefuchefu kilichobaki kilipewa domperidoni, ambayo haipenyi sana ubongoni. Joto lilikuwa limepanda kidogo, likashuka siku ya pili. Kwa upande wa shaba tuliangalia mkojo kwa macho kila ulipotoka, tukapima damu, figo na ini kwa siku tatu. Mkojo ulibaki wa manjano. Siku ya tatu jioni aliomba chai, kisha akalalamika kwamba haina sukari, na Mama akatoka nje kulia.

Kijana hakunyamaza. Kwenye benchi la hospitali aliniuliza kwa nini basi wasiagize CuATSM yenyewe. Ameona maabara za nje zinauza unga huo. Nikamwambia habari ya chuma. Katika sehemu nyeusi ya wagonjwa wa Parkinson chuma kimezidi. Hilo limejulikana miaka mingi kuliko habari ya shaba. Hoja ya kukiondoa ilikuwa safi, panya walinufaika, na majaribio madogo kwa watu yalitia moyo. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa la Ulaya: wagonjwa 372 ambao hawajaanza levodopa, nusu wakapewa deferiproni, dawa ya kuondoa chuma, kwa wiki 36. Chuma kilipungua kweli kwenye picha za ubongo. Na wagonjwa waliopewa dawa walizidiwa kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na kitu. Mle ndani chuma kina kazi pia, mojawapo ni kusaidia kutengeneza dopamini yenyewe. Kampaundi ya shaba inaweza kuwa na mwisho mwema kuliko huo. Natamani iwe hivyo, nina wagonjwa. Lakini unga uliosafirishwa kwenye bahasha, bila kipimo cha mtu mzima mgonjwa, ni glasi ileile kwa bei kubwa.

Kulikuwa na jambo moja la mwisho kwenye mkoba, na nilikaribia kulipita. Kopo la vidonge vya zinki, miligramu 20, vile vya watoto wanaoharisha. Tangu siku za Covid mtu alikuwa amewaambia vinaongeza kinga, na Mzee alikuwa anakunywa vitatu, mara nyingine vinne, kila siku. Zinki nyingi inafanya utumbo utengeneze protini inayokamata shaba na kwenda nayo chooni. Kwa ugonjwa wa Wilson tunaitumia kwa sababu hiyohiyo. Ukiendelea kwa muda mrefu unaweza kupungukiwa shaba mwilini hadi damu ipungue na uti wa mgongo udhurike. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa inamnyima Mzee shaba asubuhi, kisha ikamnywesha shaba ya watu watano jioni. Nilichukua kopo. Ndiyo tiba pekee ya shaba niliyoitoa katika kisa hiki: kuondoa zinki na kumwachia karanga, maharage, na uyoga wa porini mvua zikianza.

Maharage nayo yana neno lake. Protini inagombania njia moja na levodopa, kwenye utumbo na tena kwenye ukuta wa ubongo. Mzee alikuwa anameza kidonge katikati ya bukari, ugali wetu, na samaki, halafu analalamika dawa imechoka. Sasa anameza nusu saa au zaidi kabla ya sahani kuja, na saa mbili za mchana zimerudi ambazo alikuwa amezipoteza. Hakuna habari ya simu iliyomletea hilo. Na hiyo levodopa, nilimwambia akaifurahia, ina mkono wa wachimba migodi ndani yake: George Cotzias, aliyeonyesha mwaka 1967 kwamba dozi kubwa za dopa zinawaamsha wagonjwa wa Parkinson, alikuwa akichunguza pia wachimbaji wa manganizi wa Chile.

Mwezi uliofuata nilitaka waandike kadi ya kubeba mfukoni: jina la ugonjwa, saa za dawa, na dawa zisizoruhusiwa, zile zinazoziba vipokezi vya dopamini. Kijana alichukua kalamu. Mzee akamzuia kwa mkono. Daftari la zamu aliandika yeye. Akaanza: "Nina Parkinson. Nisipewe metoklopramidi, haloperidoli, klorpromazini." Neno la kwanza lilijaza nusu ya mstari. La mwisho lilikuwa mchwa watupu. Mama akaisogeza kadi kwenye mwanga wa dirisha, akavaa miwani yake ya likelemba, akaandika jina la dawa ya tatu upya juu ya mwandiko wa Mzee.